Fa ya Babu

Babu yangu hakuwahi kunywa pombe. Filimbi yake ndiyo iliyokuwa inakunywa.

Hivyo ndivyo alivyomwambia Bibi kila jioni. Na Bibi, aliyeokoka kabla baba yangu hajazaliwa na ambaye tangu siku hiyo hajachukua likizo, alimjibu vilevile kila jioni: "Basi hiyo filimbi itakufa kwa ini."

Ilikuwa filimbi ya mti, ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole. Aliichonga mwenyewe kutoka kwenye mbuni mzee wa kahawa ulioangushwa na upepo nyuma ya nyumba yetu hapa Kagoma, akaitoboa katikati kwa chuma cha mwavuli kilichokaa motoni mpaka kikawa chekundu. Ni ya kupuliza kwa ubavu: unailaza mbele ya uso, mdomo kwenye tundu moja, vidole kwenye matundu sita, kichwa kimeinama kidogo. Ukimwona mpigaji kwa mbali unadhani anakula hindi la kuchoma.

Filimbi ya mti ikikaa bila kupigwa inakauka, na ikikauka inakoroma. Kwa hiyo kabla ya kuipiga unailowesha kwa ndani. Watu wengine wanatumia maji. Babu alisema maji ni ya kuogea. Yeye alitumia lubisi, pombe yetu ya ndizi, aliyoihifadhi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Alimimina kidogo upande mmoja, akaziba matundu kwa vidole, akaibembeleza huku na huko kama mtoto asiyetaka kulala, kisha akainua upande wa pili ili kilichobaki kitoke. Sasa kitoke kiende wapi? Kumwaga chini ni kumdharau aliyeitengeneza. Hapo Babu alilazimika kufungua mdomo.

"Mimi sinywi," alikuwa ananiambia huku akijifuta ndevu. "Napokea tu kilichokataliwa."

Jioni akirudi kutoka kwa wenzake, akifika pale njia inapoingia kwenye kibanja chetu, kwenye migomba ya mwanzo, alisimama na kupiga wimbo mmoja. Mfupi, hauna maneno. Unapanda, unapanda, halafu katikati unajikwaa kwenye sauti moja ya ajabu, kisha unashuka taratibu kama mtu aliyekumbuka kuwa amesahau kitu lakini anaona uvivu kurudi. Bibi akiusikia kutoka jikoni alijibu kwa kugonga mwiko kwenye sufuria. Mara mbili: chakula tayari, ingia. Mara moja: bado, kaa huko nje, na najua ulikokuwa.

Babu alianza na mara moja karibu kila siku. Alikaa kwenye kigoda cha mlangoni, akatafuna akamwani, zile buni zetu zilizokaushwa ambazo mgeni hukaribishwa nazo, akangoja. Halafu alipiga tena, kwa unyenyekevu zaidi, na sufuria ikajibu mara mbili. Siku moja nilichungulia jikoni wakati wa ile mara moja. Ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, vilikuwa vimeiva, vimeshapakuliwa kwenye jani, vinatoa mvuke. Nikamuuliza Bibi mbona anasema bado.

"Chakula kiko tayari," akasema. "Yeye ndiye bado."

Mimi nilianza kuipiga filimbi hiyo nilipong'oka meno ya mbele. Babu alisema pengo ni zawadi, upepo unapita bila kulipa ushuru. Meno yakaota, lakini vidole vilikuwa vimeshajua njia. Matundu yalikaa yameachana kwa sababu yalipimwa kwa mkono wa mtu mzima, kwa hiyo nimekua na vidole vilivyotanuka kama mguu wa bata. Shule ya msingi wakaniweka kwenye bendi ya paredi. Asubuhi moja, badala ya wimbo wa kuingilia darasani, nikapiga ule wa Babu, nione itakuwaje. Nusu ya wanafunzi walikuwa wa kijijini kwetu na walikuwa wameusikia jioni zote za maisha yao. Wakaingia darasani wanameza mate, na mmoja akamuuliza mwalimu wa zamu leo kuna nini cha kula. Nilifyeka nyasi mpaka mikono ikaota malengelenge. Adhabu hiyo ilikuwa halali yangu.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni msimu wa senene. Ukoo mzima tumekaa barazani na masinia mapajani, tunanyonyoa mabawa na miguu, vidole vimekuwa kijani. Babu hanyonyoi. Anasema mikono yake ina kazi. Anapiga filimbi, na senene mmoja aliyekwepa anamrukia begani, anatulia hapo.

"Hata huyo anashangaa," Bibi anasema. "Anasema mzee mzima, watu wanafanya kazi."

"Amekuja kusikiliza," anasema Babu.

"Amekuja kwa harufu ya hicho kichupa."

Babu alifariki nikiwa kidato cha pili. Sitasema mengi hapo. Alivalishwa ile suti yake ya kwendea harusi za watu. Kabla jeneza halijafungwa Bibi aliingia chumbani, akatoka na filimbi, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Baba mdogo akamwambia mama yake kwa sauti ya chini, "Mae, hiyo si angeachiwa mtoto?"

"Aende nayo," Bibi akasema. "Asije akarudi kuitafuta."

Mtoto aliyetajwa ni mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na viti viwili vya plastiki, kimoja kila mkono. Nilitaka kusema kitu. Nikapeleka viti.

Baada ya hapo mwiko wa Bibi ukawa wa kusongea tu. Alipika mapema, tukala mapema, tukasali mapema. Nyumba ikawa na adabu, na kama hujawahi kuishi kwenye nyumba yenye adabu ghafla, usiombe.

Nilidhani wimbo ninao. Mtu akifa si anaacha nyimbo zake? Halafu siku moja nikiwa nakata majani makavu ya migomba nikajaribu kuupiga kwa mluzi. Ukapanda, ukapanda, ukafika pale pa kujikwaa, na mimi nikajikwaa kweli. Mdomo ulileta sauti nyingine, nzuri, iliyonyooka, ya kanisani. Nikarudia. Ikaja ileile. Nikaweka kisu chini, nikainua mikono hewani, nikaweka vidole pale vinapokaaga. Vidole vilijua. Vilipanda na kushuka bila kusita. Lakini hewa haina matundu.

Hapo nikaelewa kuwa wimbo wa Babu haukuwahi kuingia kichwani mwangu hata siku moja. Ulikuwa vidoleni, na vidole visivyo na filimbi vinasahau. Nilijaribu kutengeneza nyingine. Ya kwanza, ya kikonyo cha jani la mpapai, ilinyauka kabla ya mchana. Ya pili ilikuwa ya tawi la mbuni. Ilipasuka nilipoitoboa kwa chuma cha moto na kuniachia kovu kwenye kidole gumba ambalo naliita cheti cha ufundi.

Ndipo mwalimu wa kwaya akaja nyumbani.

Huyu mwalimu ndiye anayeongoza pia bendi ya tarumbeta ya usharika wetu, na yeye na marehemu Babu walikuwa na ugomvi wa miaka na miaka. Ulihusu noti moja. Kwaya zetu zinafundishwa kwa do-re-mi, na mwalimu alisema filimbi ya Babu haina fa. Ina kitu kinachokaa kati ya fa na jirani yake, hakijui kiingie nyumba ipi. Alimwambia airekebishe ndipo ajiunge na bendi. Babu akamwambia arekebishe tarumbeta zake. Ndiyo maana katika Jumapili zote nilizozijua, bendi ilipigia ndani na Babu alipigia nje, chini ya dirisha.

Siku hiyo mwalimu alikunywa chai, akasifia chai, akazunguka mpaka akafika. Mpiga filimbi wa bendi alikuwa amehamia visiwani kufanya biashara ya dagaa, filimbi ameondoka nayo, na Jumapili ya mavuno inakuja. Usharika umekubali kununua filimbi nyingine, ndogo, ya bendi. Alitaka mtu mwenye mdomo tayari.

"Huyu mdomo anao," Bibi akasema bila kunitazama. "Kazi kuufunga."

"Basi Jumamosi twende naye Bukoba akachague. Filimbi ni kama kiatu, lazima mvaaji awepo."

Bibi alikubali. Mwalimu alipoondoka aliniita jikoni. Alikuwa anamenya ndizi na hakuacha kumenya.

"Iwe, wewe mwana. Kapige za Bwana, kapige vizuri. Lakini ile ya jioni imezikwa na mwenyewe. Usiifukue."

"Ndiyo, waitu," nikasema. Waitu ni neno letu la heshima. Linafaa sana unapokusudia kutotii.

Jumamosi asubuhi nikaweka kwenye begi daftari moja la kuonekana nalo, na kichupa cha dawa ya kikohozi. Kilikuwa kilekile cha Babu, na chini kabisa ndani yake lubisi kidogo ya jirani. Sikuwa na mpango wowote nacho. Ukienda kwenye filimbi unakwenda na kichupa, hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Duka liko mtaa wa nyuma ya soko la Bukoba, kati ya muuza nyavu na fundi wa simu. Linauza mipira, jezi, vikombe vya washindi, ngoma za bendi, na gitaa moja ambalo nadhani liko hapo tangu kabla ya duka. Mwenye duka ni kijana wa mjini, Mhaya kama sisi ila amezidisha kipimo.

"Karibuni. Filimbi? Hii hapa imetoka nje," akasema kabla hata hatujaiona.

"Nje wapi?" mwalimu akauliza, maana Mhaya hanunui kitu kabla hajajua kilisoma wapi.

"Nje kabisa."

Ilikuwa ya plastiki, nyeusi, inang'aa, imelala kwenye kisanduku chake kama bwana harusi. Nikaiinua. Nyepesi mno. Filimbi ya Babu ilikuwa na uzito unaokukumbusha kuwa umeshika kitu. Hii ilikuwa kama kalamu. Na matundu yalikuwa yamesongamana. Vidole vyangu vilikaa pale kama watu wazima kwenye madawati ya chekechea, magoti juu, mabega yamegusana. Nikapuliza kama nilivyozoea, pumzi ya filimbi kubwa, yenye tumbo. Haikutoa sauti, ilitoa upepo wa tairi.

"Mdomo tayari," mwenye duka akamrudishia mwalimu, aliyekuwa amenitambulisha kwa maneno hayo.

"Ngoja kwanza," nikasema.

Filimbi ndogo inataka pumzi nyembamba. Nilijua hilo kwa akili, sasa ikabidi midomo ijue. Nikaibana kama mtu anayepoza kijiko kimoja tu cha uji, nikaisogeza chini kidogo, nikajaribu tena. Ikaitika. Sauti kali, safi, ya juu, kama jogoo aliyesoma. Nikapiga pambio moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mchuuzi mmoja wa dagaa wa visiwani aliyekuwa anachagua tochi akageuka kuangalia. Mwalimu alikuwa amefungua kinanda cha kwenye simu yake, anagusa noti moja moja, na mimi namfuata. Do. Re. Mi. Fa. Zote zikakaa mahali pake kama waumini wa ibada ya kwanza.

"Imekwisha hiyo," mwalimu akasema. "Fungasha."

"Naomba nijaribu kitu kimoja, Mwalimu."

Nikageukia ukuta wa jezi, nikapiga wimbo wa Babu, kwa sauti ndogo. Ukapanda, ukapanda, na pale pa kujikwaa ukapita wima. Haukujikwaa kabisa. Kwenye filimbi ya Babu sauti ile ilikuja yenyewe, tundu lilitobolewa hapo basi. Hapa ilibidi kidole kizibe tundu nusu tu. Nikajaribu. Lakini kila tundu la ile plastiki lilikuwa na ukingo mkali ulioinuka, na kidole kikiegemea nusu, sauti inapiga ukelele. Nikajaribu tena. Ukelele. Mchuuzi wa dagaa akaweka tochi chini, akaziba sikio.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimesimama Bukoba, nimeshika filimbi iliyotoka nje kabisa, nimepewa bure, na niliona jinsi itakavyokuwa. Nitaipiga kila Jumapili, vidole vitazoea njia zake, na baada ya mwaka hata hewani sitaweza kumpata yule mzee.

"Hakuna nyingine?" nikauliza.

"Nyingine ya nini?" mwalimu akasema.

"Ipo ya mti," mwenye duka akasema, "ila hiyo ni mtumba. Siwezi kuisifia sana." Akaingia nyuma, akarudi na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vijiti vya kupigia ngoma, na katikati yao kitu cha kahawia chenye pete za shaba ncha zote mbili. "Ilikuja na ngoma za bendi moja iliyokufa."

"Walikufa wote?" mchuuzi akauliza.

"Watu wapo. Bendi ndiyo ilikufa."

Nikaipokea. Ilikuwa fupi kama ile ya plastiki na matundu yake yamesongamana vilevile, lakini ilikuwa na uzito. Nikapitisha kidole. Kingo za matundu zilikuwa zimelika, laini, kila moja ina kabonde kadogo. Kuna mtu alikuwa ameshalala pale kwa vidole vyake miaka mingi. Nikaipuliza. Ikakoroma. Ilikuwa kavu kama mwaka usio na senene.

Sasa ninachokisimulia hapa sikukifanya mimi, ilikifanya mikono yangu. Nilikuwa nawaza kingo za matundu. Mikono ikafungua begi, ikatoa kichupa, ikamimina kidogo upande mmoja, ikaziba matundu, ikaibembeleza filimbi huku na huko, ikainua upande wa pili, na mdomo wangu ukafunguka kupokea kilichokataliwa.

Nilipomeza ndipo nilipoona nyuso.

"Hiyo dawa ya kikohozi," mwalimu akasema polepole, "mbona inanukia ndizi?"

"Ni ya kikohozi cha filimbi, Mwalimu."

"Wewe. Umeinywesha pombe mali yangu?" mwenye duka akasema. "Hiyo umeshanunua. Hapa ukilowesha, umenunua. Kesho nitamuuzia nani filimbi inayonuka kilabu?"

"Umetumwa na kanisa," mwalimu akasema. "Na kanisa. Filimbi ya mavuno imelewa kabla haijaona hata madhabahu."

"Mimi sielewi mnachogombania," mchuuzi wa dagaa akasema. "Zote mbili zikianguka ziwani zinaelea."

Wakati wanabishana, mti ulikuwa unakunywa. Nilihisi vidoleni, ule uzito mdogo unaoongezeka. Nikaiweka mdomoni tena, kwa pumzi nyembamba, na nikapiga. Haikukoroma. Ilikuwa na sauti nene kuliko ile nyeusi, yenye vumbi kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Nikapanda, nikapanda, nikalaza kidole nusu kwenye kile kibonde cha mtu nisiyemjua, na wimbo ukajikwaa.

Ukajikwaa vizuri, palepale.

 Mwalimu alitazama kinanda cha simu yake kama kimemsema vibaya. Nilishusha filimbi nikangoja kufukuzwa.

"Hiyo fa," akasema, "hata kaburini hajairekebisha."

Hakuna aliyecheka, maana hatukujua kama ni utani. Kisha akasema, "Piga do." Nikapiga. "Re. Mi. Sasa toa kidole chote, usikilaze. Fa." Nikatoa kidole chote. Ikatoka fa ya kanisani, imenyooka, imechana nywele. Akagusa simu. Zikalingana, ila ya mti ilikuwa chini kwa unywele mmoja.

"Ikipata joto itapanda," nikasema. "Mti unapanda ukipashwa pumzi."

"Najua mti unafanya nini, usinifundishe." Akazishika zote mbili, moja kila mkono. "Hii ya plastiki haipasuki, hailoweshwi, hainuki. Mtu mwenye akili anachukua hii. Hii ya mti itakutaka kila siku. Ukiiacha karibu na jiko inapasuka. Ukiisahau shuleni muhula mzima inakufa. Sema mwenyewe, maana mwenye duka nitaongea naye, tutaifuta. Ipi?"

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kuchukua ile ya akili.

"Ya mti, Mwalimu."

"Utailowesha kwa nini?"

"Kwa maji."

"Rudia."

"Kwa maji, Mwalimu. Yaliyochemshwa."

"Na kanisani unapiga fa ya nani?"

"Ya kwako."

"Ya kila mtu," akasema. "Ya huyo mzee kapigie nje, chini ya dirisha, alikozoea." Akamgeukia mwenye duka. "Fungasha. Na hicho kichupa nipe mimi."

Sikumpa. Nilisema kimebaki kitupu, jambo ambalo kufikia hapo lilikuwa kweli, nacho ni kichupa cha marehemu. Akanitazama, akaniachia.

Tulifika Kagoma jua linaelekea kuzama. Mwalimu alishuka kwake, mimi nikaendelea kwa miguu mpaka pale njia inapoingia kwenye kibanja, kwenye migomba ya mwanzo. Moshi wa jikoni kwetu ulikuwa unapita juu ya majani. Nikasimama.

Nilikuwa nimeambiwa nisifukue. Na Bibi si mtu wa kukuambia jambo mara mbili. Anakutazama tu, na wewe mwenyewe unatafuta fimbo. Lakini nikikaa mpaka kesho kuna ibada, na kesho kutwa kuna shule na mazoezi ya bendi, na vidole vitaanza kuzoea fa ya kila mtu. Kama kuna jioni ya kuuliza, ilikuwa hiyo.

Nikaipasha moto kwa pumzi, nikaweka mdomo, nikapiga.

Mara ya kwanza nilikosea kwa sababu ya woga. Kidole kilitoka chote, wimbo ukapita wima. Jikoni kimya. Kuku mmoja alilalamika kitu akanyamaza. Nikasikia mlango wa jikoni unalia, nikajua ametoka, amesimama pale, hanioni kwa migomba na mimi simwoni.

Nikapiga tena. Sauti ilikuwa juu kuliko ya Babu, filimbi fupi haiwezi kushuka alikokuwa yeye. Ilikuwa kama yeye mwenyewe kabla hajaota ndevu, kabla hajajua lubisi, kabla hajamjua Bibi. Ikapanda, ikapanda, nikalaza kidole, ikajikwaa, ikashuka taratibu mpaka chini, na nikaiacha sauti ya mwisho iishe yenyewe kama alivyokuwa anaiacha.

Mlango wa jikoni ukalia tena. Amerudi ndani. Basi, nikasema moyoni, nimefukua.

Nikaificha filimbi ndani ya shati, nikaanza kutembea kuelekea nyumbani nikipanga maneno ya kujitetea, na nilikuwa nimepata matatu mazuri sana, la kwanza likihusu Daudi na kinubi. Nimefika kwenye ua ndipo nikasikia.

Mwiko. Sufuria. Mara moja.

Nikasimama, nikangoja ya pili. Haikuja.

Kigoda cha Babu kilikuwa bado pale mlangoni, kuku wamekifanya chao. Nikakifuta kwa kiganja, nikakaa. Kwa ndani niliweza kumsikia anavuta pua na kusukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. Nikaiweka filimbi magotini ipoe. Chakula, kwa harufu, kilikuwa kimeiva zamani.